Mwito wa Magari ya Zimamoto Yenye Kasoro katika Vioo vya Vipimo: Sheria ya Marekani na Maneno Yake katika Kiswahili

Gari la zimamoto ni vyombo viwili katika kimoja. Likiwa njiani ni motokaa nzito iendayo mbio. Likisimama penye moto huwa mtambo wa kusukuma maji, na injini ile ile iliyokuwa ikizungusha magurudumu huzungusha pampu. Kwa hiyo kasoro ya kifaa kimoja kidogo, yaani kioo kinachomwonyesha dereva hali ya mitambo, yaweza kuleta madhara mahali pawili. Nchini Marekani, mtengenezaji agunduaye kasoro ya namna hii hulazimishwa na sheria kuwaarifu wenye magari na kuiondoa. Jina la Kiingereza la kitendo hicho lina maana ya asili ya "kuita tena". Katika Kiswahili bado hapana neno moja lililokubaliwa na wote, na upungufu huo hauhusu kamusi peke yake. Arifa ya usalama ni maneno ambayo msomaji wake akiyaelewa vibaya, kasoro hubaki palepale ilipokuwa.

Yafaa kwanza kueleza kioo chenyewe. Katika magari ya zamani kila jambo lilikuwa na saa yake yenye mshale. Saa ya kupimia kanieneo ya maji, ambayo mafundi huiita presha, ilikuwa na mrija mwembamba wa madini uliopindwa; maji yakiusukuma, mrija hutaka kujinyosha, na kule kujinyosha huusogeza mshale. Saa moja ikiharibika, nyingine ziliendelea kusema. Katika magari mengi ya siku hizi, vihisi vilivyotiwa katika injini, breki na pampu hupeleka habari zao kwa tarakimu kupitia nyaya chache zinazotumiwa kwa pamoja, na kompyuta huzikusanya na kuzionyesha katika kioo. Faida yake ni kupungua kwa nyaya, na fundi hupata njia rahisi ya kutafuta kosa. Hasara yake ni kwamba kioo kimoja kikishindwa, habari nyingi hupotea kwa mara moja.

Kioo hushindwa kwa namna tatu. Huweza kunyamaza, yaani kuzimika kabisa. Huweza kuganda, kikaendelea kuonyesha tarakimu za dakika iliyopita. Tena huweza kusema uongo, kikaonyesha tarakimu isiyo ya kweli au kuacha kuonyesha onyo lipasalo. Kioo kilichonyamaza humwonya mtu kwa ukimya wake, kwa kuwa aona dhahiri kwamba hakisemi. Kilichoganda na kisemacho uongo ni shahidi wa hatari zaidi, maana bado huaminiwa.

Madhara yake njiani ni rahisi kuyafahamu. Gari la kawaida la pampu nchini Marekani hubeba maji ya galoni 500 hadi 1,000, yaani lita 1,900 hadi 3,800 hivi, mbali na watu, ngazi na mipira. Mengi ya magari haya husimamishwa kwa breki za upepo, na upepo ukipungua kupita kiasi dereva hana budi kuonywa kabla ya kufika njia panda. Penye moto, mwendesha pampu husimama nje mbele ya ubao wa vipimo, na wenzake wamo ndani ya nyumba katika moshi. Wao hawakioni kioo. Humtegemea yeye, naye hukitegemea kioo. Presha ikishuka, maji huwakatikia. Ikizidi, mpira huwashinda nguvu na kuwaangusha. Aidha, kabla ya kuiongezea injini mwendo yampasa mwendesha pampu ajue kwa hakika kwamba nguvu imekwisha kuhamishwa kutoka magurudumuni kwenda kwenye pampu. Taa ya kumhakikishia jambo hilo ikisema uongo, gari laweza kuondoka lenyewe na watu wamesimama mbele yake.

Msingi wa sheria inayohusika uliwekwa mwaka 1966, Rais Lyndon B. Johnson alipotia sahihi sheria ya taifa ya usalama wa magari, baada ya mjadala mkubwa uliochochewa na kitabu cha Ralph Nader kilichotoka mwaka 1965. Idara ya usalama wa barabara kuu, ijulikanayo kwa herufi NHTSA, iliundwa mwaka 1970. Gari la zimamoto, kwa kuwa hupita barabarani, huhesabiwa kuwa motokaa kama nyingine. Mtengenezaji akiisha kutambua kasoro ihusuyo usalama, ana siku 5 za kazi kuiarifu idara, na kwa kawaida siku 60 kuwapelekea wenye magari barua.

Barua hiyo yastahili kutazamwa na wataalamu wa lugha. Kanuni zadai ieleze kasoro ni nini, hatari yake ni ipi, itaondolewa namna gani, na kwamba mwenye gari hatalipishwa. Zaidi ya hayo, zakataza barua kuwa na neno lolote la kukana, au hata la kudokeza tu, kwamba kasoro haipo au kwamba haihusu usalama. Mtengenezaji hawezi kukiri kwa sentensi moja na kujitetea kwa sentensi ifuatayo.

Mfasiri wa Kiswahili aweza kuivunja kanuni hiyo bila kujua, kwa kuchagua neno tu. Maneno matatu humjia upesi: ubovu, hitilafu na kasoro. Ubovu ni hali ya kitu kilichoharibika, na mara nyingi huacha shaka kwamba mtumiaji ndiye aliyekiharibu. Hitilafu asili yake ni tofauti au kutopatana. Katika magazeti hutajwa sana pamoja na umeme baada ya nyumba kuungua, na huelekea kusikika kama ajali isiyo na mwenyewe. Kasoro ni upungufu, kitu kutotimia kama kilivyotakiwa kuwa. Kwa kuwa sheria hailengi uchakavu wa kawaida, kasoro ndilo neno lifaalo zaidi.

Neno la pili ni lile la kitendo chenyewe. "Kuondoa sokoni" latumika vema kwa dawa na vyakula, lakini gari la zimamoto halimo sokoni. Limo katika kituo, lasubiri kengele. "Kurudisha" na "kurejesha" humfanya msomaji adhani kwamba gari litachukuliwa na fedha zitalipwa. Ndivyo huweza kuwa mara chache, ila mara nyingi dawa yake ni kubadilishiwa kioo au kutiwa programu mpya katika kompyuta. Mji wenye gari moja tu la pampu ukiona neno "kurudisha" waweza kuiweka barua kando, kwa hofu ya kubaki bila kinga.

"Mwito" ni bora. Methali husema, usikatae wito, kata neno. Na mwito ni jambo lisilokamilika mpaka uitikiwe. Ndivyo ilivyo sheria hii: humlazimisha mtengenezaji kuita, lakini kwa jumla haimlazimishi mwenye gari kuitika. Kwa hiyo "mwito wa marekebisho" hutaja kazi itakayofanywa, na humkumbusha msomaji kwamba zamu ni yake.

Lipo pengo ambalo neno jema haliwezi kuliziba. Tangu mwaka 2015 haki ya kurekebishiwa bila malipo hudumu miaka 15 tangu mnunuzi wa kwanza alipolinunua gari. Awali ilikuwa miaka 10. Lakini magari ya zimamoto huishi sana. Chama cha kinga ya moto cha Marekani, NFPA, kilishauri kwamba gari lililopita miaka 15 na bado zima liwekwe katika akiba, na lililopita miaka 25 liachwe. Basi gari la akiba, litolewalo siku moto unapozidi nguvu, ndilo lililokwisha kupoteza haki hiyo. Tena barua huandikiwa mwenye gari aliyeandikishwa. Gari likiuzwa au kutolewa zawadi ng'ambo, barua yaweza kubaki kwa mwenyewe wa zamani. Afrika Mashariki, ambako baadhi ya magari ya zimamoto hufika yakiwa yamekwisha kutumika kwingine, mpokeaji hana budi kuutafuta mwito mwenyewe. Kumbukumbu za NHTSA zi wazi kwa umma, ila zimeandikwa kwa Kiingereza. Atakayezifasiri kwa ajili ya kituo cha zimamoto na aanze na mambo manne yanayodaiwa na sheria: kasoro, hatari, dawa na gharama, kila moja kwa neno lisilomwachia msomaji nafasi ya kudhani kwamba halimhusu.