Kabla ya Kumpa Mchoraji Kazi ya Lebo

Kikundi hapa kwetu Kericho na Bomet kikianza kupaki asali, majani chai au mursik ya kuuza, lebo ndiyo huongea na mnunuzi wakati nyinyi hampo. Ikikosewa baada ya kuchapwa, michango ya wanachama imepotea.

Kwanza, kaeni mkubaliane, halafu mchague mtu mmoja wa kuongea na mchoraji. Wanachama watano wakimpigia simu, kila mmoja na rangi yake, kazi haiishi.

Pili, mpelekeeni maneno yote yakiwa yameandikwa: jina la bidhaa, uzito, vilivyomo, anwani, na nafasi ya tarehe ya kutengenezwa na ya kuisha. Alama ya ubora ya KEBS isiwekwe kabla ya kupata kibali. Picha iliyotumwa kwa WhatsApp hupungua ubora. Mpeni ile ya asili.

Tatu, andikianeni bei, siku ya kumaliza, na atarekebisha mara ngapi. Sheria ya Hakimiliki ya 2001, kifungu cha 31, huihesabu haki ya kazi mliyoagiza kuwa yenu, isipokuwa mmepatana vingine. Lakini haki bila faili haisaidii siku ya kuchapa tena. Mkimaliza kulipa, ombeni faili lenyewe.

Mwisho, chapeni nakala moja tu, mumpe mtu ambaye hajaiona aisome kwa sauti. Mkiridhika, wekeni sahihi. Naye mchoraji ni mfanyakazi kama mchuma chai: alipwe kwa wakati.