Ukinzani Si Neno la Kukaririwa Tu

Mwenda pole hajikwai, walinena wahenga. Methali hii yaufaa mchezo ambao umewatumbuiza wakubwa kwa wadogo nchini Uingereza tangu mwaka wa 1957, Fred Francis alipouzindua kwa jina la Scalextric. Magari madogo ya umeme hushindana mezani au sakafuni, kila moja likifuata mfereji mwembamba uliomo katika njia yake. Hakuna usukani. Mchezaji ana chombo kimoja tu mkononi, nacho ni kidhibiti chenye kifyatuo mfano wa bastola.

Wengi hudhani kwamba mshindi ni mwenye mota kali. La hasha! Aghalabu ushindi hutokana na kidhibiti kilichorekebishwa vyema. Ndani ya kidhibiti cha kawaida mna waya mrefu uliozongwa, ambao kazi yake ni kuukinza umeme. Kifyatuo kikibonyezwa kidogo, umeme huupitia karibu waya wote, na gari hutambaa. Kikibonyezwa zaidi, sehemu inayopitiwa hufupika, ukinzani hupungua, na gari huchapuka. Vidhibiti vingi vya kielektroniki vina vifundo viwili: kimoja cha wepesi wa kifyatuo, cha pili cha breki. Breki nayo ina siri yake. Kidole kikiachilia, mota ambayo ingali inazunguka hugeuka jenereta. Ncha zake zikiunganishwa, umeme inaouzalisha huupinga mzunguko wake yenyewe. Kadiri ukinzani unavyopungua katika njia hiyo, ndivyo breki inavyouma.

Basi anayetaka kurekebisha na aanze kwa kusafisha reli na magurudumu, asije akavilaumu vifundo kwa kosa la vumbi. Kisha aviweke vifundo katikati, aizunguke njia mara kumi na kuandika muda. Gari likiruka nje linapoingia konani, breki iongezwe; likisimama kabla ya kona, ipunguzwe. Likiyumba mkia linapotoka konani, wepesi wa kifyatuo upunguzwe. Zaidi ya yote, ageuze kifundo kimoja tu kwa wakati mmoja. Mwenye kugeuza viwili kwa pamoja hajui akishukuru kipi wala akilaumu kipi.

Walimu na wanafunzi, hapo ndipo ilipo hoja yangu. Kanuni ya Ohm hukaririwa madarasani kama sala: volteji ni mkondo mara ukinzani. Mwanafunzi huiandika katika mtihani akapata alama, ilhali hajawahi hata siku moja kuuhisi ukinzani kwa kidole chake. Georg Simon Ohm mwenyewe alikuwa mwalimu wa shule mjini Cologne, Ujerumani, alipofanya majaribio kwa nyaya za urefu mbalimbali. Kanuni aliyoichapisha mwaka wa 1827 ilizaliwa na vipimo hivyo.

Sisemi kila shule inunue magari hayo ya kuchezea. Zina mahitaji mengi ya dharura. Lakini betri, balbu ndogo na kipande cha waya wa nikromu vyatosha. Mwanafunzi na ausogeze mguso juu ya waya huo, abadilishe jambo moja tu, aandike alichokiona, kisha abadilishe jingine. Atakayeuona mwanga ukififia kadiri waya unavyorefuka ataikumbuka kanuni hiyo hata baada ya kusahau alama alizopata.