MBUZI YATIMA NA KUNDI LAKE

Mwalimu na aandike neno moja ubaoni: YATIMA. Lisomeni pamoja. Yatima ni mtoto aliyefiwa na mzazi. Leo tutazungumza habari za mbuzi yatima.

Hebu fikiri. Usiku mvua imenyesha sana. Alfajiri unakwenda bandani, unamkuta mbuzi wako amezaa watoto wawili, naye mwenyewe amekufa. Watoto wanatetemeka katika matope. Jirani atasema, "Hao nao wamekwisha." Usimsikilize. Mmoja akiwa jike, baada ya mwaka mmoja na nusu hivi aweza kuzaa. Huyo ni ada, ni madaftari, ni dawa ya mgonjwa. Basi fanya kazi upesi.

Kwanza, joto. Mfute kwa gunia kavu. Mtie kidole kinywani. Ukiona kinywa ni baridi, usimpe maziwa bado. Mweke karibu na moto mpaka kinywa kipate joto. Kitovu chake kipake aidini.

Pili, dang'a. Dang'a ni yale maziwa mazito ya manjano yanayotoka mama anapozaa. Ndani yake mna kinga ya maradhi. Mtoto wa mbuzi hazaliwi na kinga hiyo. Huipata kwa kunywa. Tena tumbo lake huipokea kwa muda mfupi tu: saa sita za kwanza ndizo bora, na ikipita siku moja mlango umefungwa. Kama mama amekufa sasa hivi, kamua dang'a yake. Kama haipatikani, mwombe jirani ambaye mbuzi au ng'ombe wake amezaa.

Na kama mbuzi mwingine anazaa saa ile ile, jaribu kumpa yatima. Mpake mtoto maji ya uzazi ya mbuzi yule, kisha mweke mbele yake amlambe. Mbuzi humjua mwanawe kwa harufu. Akimkubali, kazi yako imekwisha.

Asipomkubali, twaa chupa ya soda na chuchu ya mpira. Chemsha maziwa ya mbuzi au ya ng'ombe, kisha yaache yapoe yawe vuguvugu. Mtoto wa kilo 2 apewe kiasi cha robo lita kwa siku, yagawanywe mara nne au tano. Ongeza kidogo kidogo kadiri anavyokua. Usimshibishe kupita kiasi, atahara. Asimame kwa miguu yake, kichwa kimeinuka kidogo, kama anyonyavyo kwa mama. Usimlaze chali kama mtoto mchanga, maana maziwa yataingia mapafuni. Chupa na chuchu vioshwe kwa maji ya moto kila mara.

Sasa sikilizeni vizuri. Kumnywesha si kazi ngumu. Kazi ngumu ni kumrudisha kundini, na hapo ndipo wengi wetu hukosea. Tunamlaza jikoni, watoto wanacheza naye, kila mtu anacheka. Miezi mitatu ikipita, yeye hajui kuwa ni mbuzi. Kundi likienda malishoni, yeye anawafuata watu. Anakula muhogo walioanika majirani, anaingia mashamba ya watu bila hofu, mwisho anakatwa panga, na ninyi mnagombana. Akiwa dume ni hatari zaidi: beberu asiyeogopa watu huwapiga pembe watoto. Huyo ni bora ahasiwe mapema.

Wahenga walisema, "Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo." Basi mlee awe mbuzi. Akiisha kupata nguvu, baada ya siku chache, mhamishe jikoni. Mjengee kizimba kidogo cha fito ndani ya banda la mbuzi, awaone, awanuse, awasikie. Mpe maziwa hapo hapo, kisha uondoke. Kama una yatima wawili, wakae pamoja.

Akifika majuma mawili au matatu, mwekee majani laini na maji safi. Kisha mfungulie mchana acheze na watoto wenzake. Wakubwa watampiga vichwa. Ndivyo wanavyomfundisha nafasi yake. Usimkimbilie kila akilia, maana mcha mwana kulia, hulia yeye. Lakini awe na mahali pa kujificha, na akiumizwa mtoe, ujaribu tena kesho. Kwa miezi mitatu hivi, akiwa anakula majani vizuri, punguza maziwa polepole mpaka uyaache.

Utajuaje kuwa amerudi? Jioni kundi likirejea, mtazame. Akikupita akaingia bandani pamoja na wenzake, usihuzunike. Umefaulu.

Maswali ya kujibu darasani:
1. Dang'a ni nini, na kwa nini isicheleweshwe?
2. Kwa nini mtoto wa mbuzi asilazwe chali anaponyweshwa?
3. Taja mambo mawili yatakayomsaidia yatima kurudi kundini.

Andikeni majibu katika madaftari yenu. Kwa herini, ndugu zangu, mpaka juma lijalo.