Je, Wajua? Uma wa Muziki Hupima Neva za Mkono

Kifaa cha kupatanishia ala za muziki humwonyesha daktari kama neva za mkono wako zimeumia. Ni chuma chenye meno mawili mfano wa uma, kilichobuniwa na John Shore, mpiga tarumbeta wa Uingereza, mwaka 1711. Kile cha kliniki aghalabu hutetema mara 128 kwa sekunde. Daktari hukigonga, kisha hugusisha kitako chake kwenye ncha ya kidole chako, nawe umefumba macho: “Unasikia? Niambie kikinyamaza.”

Wapokezi wa mtetemo huo ni vijifuko vidogo mno vilivyo ndani ya ngozi. Filippo Pacini aliviona mwaka 1831 akipasua mkono wa maiti huko Pistoia, Italia, naye angali mwanafunzi! Kutoka hapo habari husafiri kwenye nyuzi nene za neva, na nyuzi hizo ndizo huwahi kudhurika neva inapobanwa kwenye kifundo cha mkono. Ndiyo maana daktari hulinganisha vidole: cha shahada kikisikia hafifu kuliko kile cha mwisho, neva ya kati, inayohudumia kidole hicho cha shahada, hushukiwa, hata kama bado unafunga vifungo vya shati bila taabu.