Korona Kanda ya Ziwa: Nani aliyewahesabu maiti wetu?

Anayetoka mjini Mwanza kuelekea Musoma hupita Igoma, na Igoma kuna makaburi ambayo kila ifikapo Mei 21 hutembelewa na watu waliopoteza wazazi, wake, waume na watoto katika meli ya MV Bukoba. Meli ile ilizama mwaka 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imebakisha mwendo mfupi kufika bandarini. Hadi leo hakuna awezaye kusema kwa yakini walikufa wangapi. Wapo wanaotaja mia nane na ushei, wapo wanaokaribia elfu moja. Sababu ya mkanganyiko huo ni jambo dogo la kiofisi: abiria wa daraja la kwanza na la pili waliandikwa majina, wa daraja la tatu hawakuandikwa. Waliolipa nauli ndogo waliingia melini bila jina, na wakazama bila jina.

Nimeanza na msiba huo wa zamani kwa sababu kilichotokea Igoma ndicho kilichoturudia wakati wa korona, kwa kimya zaidi na kwa nchi nzima.

Tukumbushane mfuatano wa mambo. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa Machi 16, 2020, mkoani Arusha. Kifo cha kwanza kilitangazwa Machi 31. Kwa wiki kadhaa Wizara ya Afya ikawa inatoa taarifa zinazotaja mikoa: Dar es Salaam wangapi, Arusha wangapi, Mwanza wangapi. Sisi wa Kanda ya Ziwa tulizisoma taarifa hizo kwa jicho moja tu, la kutafuta jina la mkoa wetu. Aprili 29 Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitaja jumla ya wagonjwa 480. Mei 7 Zanzibar ikatangaza wagonjwa wapya 29, na hivyo jumla ya taifa ikawa wagonjwa 509 na vifo 21. Hapo hesabu ikasimama. Kwa zaidi ya mwaka mmoja, kila jedwali la dunia lililoonyesha Tanzania lilionyesha 509 na 21, kama saa ya ukutani iliyoishiwa betri.

Chanzo cha kusimama kwake kilitokea huku huku ziwani. Mei 3, 2020, akiwa Chato, Rais John Magufuli alieleza kuwa sampuli za papai, mbuzi, kware na vitu vingine zilipelekwa maabara ya taifa zikiwa na majina ya watu, na baadhi zikarudi na majibu ya kuwa zina ugonjwa. Kesho yake mkurugenzi wa maabara hiyo akasimamishwa kazi. Kuhoji usahihi wa kipimo si kosa. Mizani ikishukiwa, hukaguliwa. Lakini mwenye duka anayeshuku mizani yake haachi kupima sukari akaanza kuuza kwa kukisia. Sisi tuliambiwa mizani ni mbovu, kisha tukaishi miezi mingi bila mizani yoyote.

Katika miezi hiyo lugha yetu ilipata msemo mpya: changamoto ya upumuaji. Mwanzoni mwa mwaka 2021 msemo huo ulisikika katika misiba ya matajiri na ya maskini. Mwishoni mwa Januari chama cha ACT Wazalendo kilitangaza kuwa Maalim Seif Sharif Hamad, Makamu wa Kwanza wa Rais wa Zanzibar, anaugua korona. Februari 17 alifariki Muhimbili, Allah amrehemu. Siku hiyo hiyo alifariki Katibu Mkuu Kiongozi, Balozi John Kijazi. Idadi ya taifa ilibaki 21.

Sasa tulitazame ziwa lenyewe, maana maji ni yale yale na dagaa ni wale wale, ila serikali ni tatu. Wenzetu wa Kenya waliendelea kutoa takwimu kwa kila kaunti. Juni 2021 wimbi jipya lilipopanda upande wa magharibi, takwimu hizo ziliwaonyesha mahali hasa palipowaka moto: Kisumu, Siaya, Homa Bay, Migori, Busia na jirani zake. Juni 18 kaunti 13 zikawekewa masharti yao peke yake, pamoja na amri ya kutotoka nje kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi alfajiri, huku Mombasa na Nairobi zikiwa na masharti mengine. Mtu anaweza kubishana na hatua zile, hasa mchuuzi wa samaki ambaye biashara yake ni ya jioni. Lakini ili uweze kubishana lazima kwanza uwe na tarakimu ya kubishania. Migori imepakana na mkoa wetu wa Mara. Sirari na Isebania ni mji mmoja uliokatwa na mpaka. Siku kumi baada ya tangazo lile la Kenya, Juni 28, Rais Samia Suluhu Hassan aliwaambia wahariri kuwa nchini kuna wagonjwa takriban 100, na kati yao 70 wako kwenye oksijeni. Ilikuwa kauli ya uwazi baada ya kimya kirefu, na inastahili shukrani. Hata hivyo mtu wa Mwanza aliyetaka kujua kama mama yake mwenye kisukari asafiri kwenda harusini Tarime hakuwa na pa kuangalia.

Tukae kidogo kwenye hesabu, nami nitajitahidi isichoshe. Idadi tupu haisemi mengi mpaka uigawanye kwa idadi ya watu wa mahali husika. Chukua wale 509. Kati yao 134 walikuwa wa Zanzibar na 375 wa Bara. Ukitazama kwa haraka utasema Bara ndiko kulikougua zaidi. Lakini sensa ya 2022 iliikuta Zanzibar ina watu 1,889,773 na Bara ina 59,851,347. Maana yake Zanzibar ni wagonjwa saba kwa kila watu laki moja, na Bara haifiki hata mmoja. Je, Zanzibar iliugua mara kumi na moja zaidi? Huenda, na huenda ilipima zaidi na ikatangaza siku chache zaidi. Tarakimu haziwezi kututofautishia mawili hayo, na hapo ndipo msomaji anapaswa kuwa macho: kiwango cha maambukizi hupima ugonjwa, na papo hapo hupima bidii ya aliyekuwa akihesabu.

Hali ni hiyo hiyo kwa vifo. Vifo 21 kwa wagonjwa 509 ni karibu vinne kwa kila mia, kiwango cha kutisha. Lakini kama wagonjwa wepesi elfu kadhaa hawakupimwa, kiwango halisi ni kidogo mno. Na kama marehemu waliofia nyumbani hawakuandikwa, basi kinapanda tena. Takwimu za Shirika la Afya Duniani zimeiandikia Tanzania jumla ya vifo 846 kwa kipindi chote cha janga. Kenya imeandikiwa zaidi ya 5,600. Kwa idadi ya watu, hiyo ni kama mara nane yetu, kwa nchi mbili zinazooga katika ziwa moja. Sidhani kama yupo mtu wa Kanda ya Ziwa anayeamini kuwa upepo wa korona uligeuka ulipofika Sirari.

Ndiyo maana wataalamu walitafuta njia ya pili, isiyohitaji kipimo cha maabara: hesabu ni wangapi wamekufa kwa sababu yoyote ile, kisha linganisha na miaka ya kawaida. Kilichozidi ndicho cha kuulizwa. Kwa njia hiyo, Mei 2022 shirika hilo lilikadiria kuwa mwaka 2020 na 2021 dunia ilipoteza watu milioni 14.9 zaidi ya kawaida, ilhali vifo vya korona vilivyotangazwa na serikali zote vilikuwa milioni 5.4. Kwa nchi nyingi za Afrika makadirio hayo yalitengenezwa kwa kukopa mwenendo wa nchi nyingine, kwa kuwa madaftari ya vifo ya kwetu hayakutosha.

Elimu hiyo si ngeni kwa Waislamu. Ibn Hajar al-Asqalani, ambaye kila mwanafunzi wa madrasa aliyefika Bulugh al-Maram anamjua, alizikwa na huzuni ya mabinti watatu waliokufa kwa tauni, na aliandika kitabu kizima juu ya maradhi hayo. Katika Misri ya zama zake kulikuwa na ofisi ya mirathi iliyoandika vifo kila siku, kwa kuwa mali isiyo na mrithi ilikwenda hazina. Wanahistoria wa Cairo, akina al-Maqrizi na Ibn Taghribirdi, hawakuridhika na daftari la ofisi hiyo peke yake. Katika tauni ya mwaka 833 Hijria, sawa na 1430, hesabu ya ofisi ililinganishwa na majeneza yaliyoswaliwa katika viwanja vya kuswalia maiti, na ikaonekana kuwa viwanjani ni wengi zaidi. Ofisi iliona wenye mali; jeneza huswaliwa kwa kila mtu.

Nasi tuna viwanja vyetu vya kuswalia. Katika msikiti wa mtaa wetu lipo daftari la shule, lenye jalada lililochakaa, ambamo katibu wa kamati ya mazishi huandika gharama za sanda: jina la marehemu, tarehe, mita za kitambaa, kafuri, nauli ya gari. Lengo lake ni fedha, asije mtu akadai kuwa mfuko wa mazishi umeliwa. Nilipolifungua kutafuta tarehe moja ya Februari 2021, niliona kurasa za miezi ile zimejaa upesi kuliko za kabla yake. Halisemi waliugua nini. Wala mimi sitosema kuwa wote walikufa kwa korona. Malaria, shinikizo la damu na uzee havikuwa likizo mwaka ule. Lakini ni ushahidi ambao mkoa haukuwa nao.

Tarehe niliyokuwa naitafuta ilikuwa ya shemeji yangu. Alifia nyumbani alfajiri na tukamzika baada ya Adhuhuri, kama inavyotakiwa kwa maiti wa Kiislamu, kutocheleweshwa. Haraka hiyo ni sunna, lakini ina upande wake: maiti wetu wengi hawapiti hospitali wala chumba cha maiti, na hesabu inayoanzia hospitalini huwakosa. Dada yangu alikaa eda ya miezi minne na siku kumi kwa kuhesabu tangu siku ile. Miaka miwili baadaye, mirathi ilipofika Mahakama ya Mwanzo, kilihitajika cheti cha kifo, na hakikuwepo. Ndugu wawili wakatofautiana hata juu ya mwezi. Daftari la sanda ndilo lililotupatanisha.

Sheria ya Usajili wa Vizazi na Vifo, Sura ya 108, inataka kifo kisajiliwe ndani ya siku 30. Aliyefia nyumbani huanziwa kwa mtendaji wa mtaa au kijiji, kisha taarifa hufika kwa msajili wa wilaya aliye chini ya RITA. Watu huliona jambo hili kuwa la wenye nyumba na akaunti za benki. Mjane wa mvuvi wa Ukerewe haoni faida ya kuvuka maji kufuata karatasi. Sina jibu jepesi kwake. Nauli ya kivuko ni nauli.

Hata hivyo mkoa huu umewahi kuonyesha kuwa inawezekana. Kisesa, wilayani Magu, barabara hiyo hiyo ya Musoma, tangu mwaka 1994 watafiti wa Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu, kituo cha Mwanza, wamekuwa wakipita nyumba kwa nyumba wakiuliza nani amezaliwa, nani amehama, nani amefariki. Penye msiba hukaa na wafiwa na kuuliza dalili za mwisho za marehemu, ili kukisia sababu ya kifo kisichoonwa na daktari. Kwa njia hiyo ilijulikana UKIMWI unaua wangapi vijijini, na baadaye kwamba dawa zimeanza kuokoa. Hakuna mashine ya ajabu pale. Kuna watu wenye subira na karatasi.

Somo la gharama ya kuchelewa tulilipata tena Januari 2025 huko Biharamulo, mkoani Kagera. Mlipuko wa Marburg ulipomalizika Machi 13, wagonjwa waliohesabiwa walikuwa kumi, na wote kumi walifariki. Wawili tu ndio waliothibitishwa na maabara. Wanane walikufa kabla ya kipimo, na wakaingia katika hesabu kwa sababu walio hai walikumbuka: alianza kuumwa lini, alimuuguza nani, alioshwa na nani. Hilo la kuoshwa linatuhusu moja kwa moja, maana katika maradhi ya aina hiyo mwosha maiti ndiye anayefuata kuugua.

Katika daftari la msikiti wetu sasa zimeongezwa safu tatu: umri, mtaa, na alifia wapi. Katibu alilalamika kuwa wafiwa hawapendi kuulizwa wakati sanda inakatwa. Tumekubaliana aulize siku ya tatu, baada ya hitima, na amkumbushe mkubwa wa nyumba kwenda kwa mtendaji siku 30 hazijaisha.