Uzito wa Dawa za Kulevya na Nia ya Aliyekamatwa Nazo



Ndugu msomaji, tuseme kijana wa Tingi amekamatwa pale Njia Nne na kete mbili za heroini mfukoni. Jambo la kwanza litakaloulizwa barazani ni: anavuta au anauza? Na mahakamani huulizwa hivyo hivyo, ila huko jibu hutafutwa kwenye mizani.

Kuna mambo mawili ambayo baadhi ya wahadhiri wetu huyachanganya. Uharamu haupimwi kwa gramu. Mtume (s.a.w.) alikwisha bainisha kuwa chenye kulevya kwa wingi wake, uchache wake nao ni haramu. Adhabu ya duniani ni mlango mwingine. Imam al-Qarafi, katika al-Furuq, aliweka bangi katika fungu la vitu viharibuvyo akili na akaona mtumiaji wake hupewa ta'azir, si hadd. Ibn Taymiyya akaona ni hadd kama ya pombe. Ama muuzaji, adhabu yake ni ta'azir, na ta'azir hutazama madhara na nia. Hapo ndipo uzito unapoingia.

Sheria ya Tanzania ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya mwaka 2015 imehesabu kumiliki dawa hizo kuwa ni namna mojawapo ya kuzisafirisha. Baada ya marekebisho ya mwaka 2017, heroini ikizidi gramu 200 adhabu ni kifungo cha maisha. Mwenye kiasi kidogo amewekewa kifungu chake chenye adhabu nyepesi, lakini ni juu yake yeye kuthibitisha kuwa kiasi kile kilikuwa cha matumizi yake mwenyewe.

Je, fiqhi inakubali nia isomwe kwenye wingi? Inakubali, kwa jina la qarina, yaani dalili ya mazingira. Katika Surat Yusuf kanzu iliyochanwa kwa nyuma ilimsafisha Nabii Yusuf (a.s.). Na katika mlango wa ihtikar, yaani kuhodhi chakula, wingi wenyewe hutazamwa: Mtume (s.a.w.) aliweka chakula cha mwaka cha ahali zake kutokana na tende za Banu Nadhir, na wanazuoni wakaelewa kuwa akiba ya nyumba si kuhodhi. Kinachozidi haja ya nyumba huku watu wana shida ndicho kinachotiliwa shaka.

Kuhusu nani atoe ushahidi, wengi tunakariri kuwa bayyina ni juu ya mdai, kisha tunanyamaza. Lakini mdai ni nani? Kauli yenye nguvu kwa Mashafii, nayo imo katika Minhaj ya Imam an-Nawawi, ni kuwa mdai ni yule ambaye kauli yake inapingana na hali ya dhahiri. Mwenye kete mbili akisema "ni zangu za kuvuta", dhahiri iko pamoja naye, kwa hiyo anayesema ni muuzaji ndiye alete ushahidi. Mwenye kilo nzima akisema maneno hayo hayo, dhahiri inamkataa, na mzigo ni wake. Kwa maoni yangu mpangilio huu ni wa uadilifu zaidi kuliko kumbebesha kila mtu mzigo sawa.

Pwani yetu imeona yasiyohitaji mjadala wa aina hii. Januari 2012 zilikamatwa zaidi ya kilo 200 za heroini mkoani Lindi, na Aprili 2021 katika bahari ya Kilwa zikakamatwa zaidi ya kilo 800 za heroini na methamfetamini. Hakuna mwenye akili atakayesema shehena kama hiyo ni ya kuvuta mtu mmoja.

Lakini hata hapo uzito unasema dawa zilikusudiwa kwenda sokoni. Hausemi nani alijua kilichomo. Bodaboda aliyepewa begi Nangurukuru alipeleke Masoko, wingi wa kilichomo hauthibitishi ujuzi wake. Pengine wingi ule ndio sababu ya kufichwa asijue. Usama bin Zayd (r.a.) alimuua mtu aliyetamka shahada vitani, akidhani ametamka kwa kuogopa silaha, na Mtume (s.a.w.) akamkemea vikali kwa kudai kuyajua yaliyo moyoni. Ibn al-Qayyim, ambaye hakuna aliyeitetea qarina kama yeye, alionya pande zote mbili: hakimu anayeipuuza hupoteza haki za watu, na anayeipanua bila kipimo hudhulumu.

Imamu akiitwa kumsemea kijana wake, basi, aseme alichokiona: je, amekuwa akimjua kwa kuvuta, nyumbani kwao huingia watu gani saa za usiku, ana fedha ambazo kazi yake haizitoi? Hizo ni qarina zinazokaa pamoja na uzito. Ama mizani yenyewe amwachie Mkemia Mkuu wa Serikali.