Kampuni Ikishindwa Kodi ya Malori, Benki Humfuata Mdhamini

Hati ya udhamini ni karatasi inayosainiwa kwa haraka kuliko zote katika faili la mkopo. Huwekwa mwisho, na mara nyingi mwombaji huambiwa kuwa ni ya kukamilisha taratibu tu. Siku ya kesi, hiyo ndiyo karatasi ambayo wakili wa benki huitoa kwanza.

Tuchukue mfano. Kampuni ya usafirishaji inakodi malori mawili kutoka benki kwa miezi 36, kodi ikiwa Sh. milioni 4 kwa mwezi. Malori yanabaki mali ya benki. Kampuni ni mtumiaji. Wakurugenzi wanne wanaweka saini za udhamini. Baada ya kulipa miezi 10 kampuni inakwama. Mikataba mingi ya aina hii husema kuwa kampuni ikikiuka, kodi zote zilizobaki zinadaiwa kwa mkupuo. Hapa ni kodi 26, yaani Sh. milioni 104. Benki inayachukua malori na kuyauza kwa Sh. milioni 60. Linabaki pengo la Sh. milioni 44, riba na gharama za kesi hazijahesabiwa.

Wakurugenzi hujitetea kuwa kampuni yao ni ya dhima yenye kikomo. Ni kweli, na tangu kesi ya Salomon ya Uingereza mwaka 1896 kampuni huhesabiwa kuwa mtu mbali na wenye hisa wake. Lakini udhamini ni mkataba mwingine kabisa, kati ya benki na mtu binafsi. Kinga aliyopewa na sheria ya makampuni, mkurugenzi ameivua mwenyewe kwa kalamu yake.

Kwa Tanzania, kifungu cha 80 cha Sheria ya Mikataba (Sura 345) kinasema dhima ya mdhamini ni sawa na ya mdaiwa mkuu, isipokuwa mkataba useme vingine. Sheria hiyo imefuata sana ile ya India ya 1872, iliyotumika Tanganyika hadi 1961. Na huko India, Mahakama ya Juu iliamua mwaka 1968, katika kesi ya Bank of Bihar, kwamba mdai halazimiki kumaliza kwanza njia zote dhidi ya mdaiwa mkuu ndipo amguse mdhamini.

Aidha, hati nyingi husema wadhamini wanawajibika "kwa pamoja na kila mmoja peke yake". Maneno hayo ni mazito. Benki inaweza kumwacha mkurugenzi asiye na kitu na kumdai mwenye nyumba Sh. milioni 44 zote. Akishalipa, anaweza kuwadai wenzake watatu Sh. milioni 11 kila mmoja, na kampuni pia, kama bado ina chochote. Kuwapata ni kazi yake, si ya benki.

Je, mdhamini hana pa kushika? Anapo. Benki na kampuni zikibadili masharti bila idhini yake, tuseme kupandisha kodi, sheria humwondolea dhima kwa yale yanayofuata. Benki ikifunga makubaliano na kampuni ya kuipa muda zaidi bila yeye kukubali, anaweza kuachiliwa. Lakini benki kukaa kimya tu bila kushtaki hakumwokoi. Anaweza pia kuhoji hesabu: malori yaliuzwa lini, kwa nani, kwa tathmini ipi, na je, fedha zote zimepunguzwa kwenye deni? Kwa maoni yetu hapo ndipo penye utetezi wa maana, maana fomu za benki kwa kawaida huwa zimekwisha kumfanya mdhamini akubali mabadiliko kabla hayajatokea.

Kenya, udhamini usioandikwa na kutiwa saini hauwezi kushtakiwa. Benki, bila shaka, hazifanyi kosa hilo.

Mwenye hisa ndogo aliyeombwa saini adai kiwango cha mwisho kiandikwe ndani ya hati, mathalani "isiyozidi Sh. milioni 10". Na akiuza hisa zake au kujiuzulu ukurugenzi, asidhani amemalizana na benki. Udhamini wa malori yaliyokwisha kukodiwa unabaki naye hadi deni liishe au benki imwachilie kwa maandishi.